Enzimu ya deubikitinasi: kitu cha labo, si dawa

Kuna vichupa vidogo vinavyouzwa kwa malabo ya utafiti, vyenye enzimu ya mwanadamu inayoitwa deubikitinasi. Juu ya etiketi kumeandikwa kwamba ni ya utafiti peke yake. Mtu wa Kadutu ama wa Bagira anaweza kuuliza: hii inatuhusu nini siye? Inatuhusu, kwani inagusa kansa na malaria. Tufafanue polepole.

Alama ya takataka

Tukikula maharagwe ama sambaza za ziwa Kivu, mwili unavunja protini zake na kujenga za kwake. Lakini protini pia zinazeeka na kuharibika, na seli za mwili ni lazima ziziondoe. Seli inabandika alama juu ya protini mbovu. Alama hiyo ni ubikitini, protini ndogo yenye viungo 76 tu. Protini ikibeba mnyororo wa alama hizo, inapelekwa kwa mashine ya kusaga iliyo ndani ya seli, inayoitwa proteasomu. Aaron Ciechanover na Avram Hershko wa Israeli, pamoja na Irwin Rose wa Marekani, walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004 kwa kugundua kazi hiyo.

Anayebandua alama

Enzimu ni protini inayofanya kazi fulani. Ile iliyo kwenye mate, kwa mfano, inaanza kuvunja fufu tukiwa bado tunatafuna. Deubikitinasi, yeye, kazi yake ni kubandua alama ya ubikitini. Hivyo protini iliyokuwa inaenda kusagwa inaweza kuokolewa. Mwanadamu ako na karibu aina 100 za enzimu hizi.

Moja inaitwa USP7. Inaokoa protini MDM2, na MDM2 ndiyo inatuma kwa kusagwa p53, mlinzi wetu dhidi ya kansa. Ndiyo maana watafiti wanatafuta namna ya kuifunga USP7. Dawa ya bortezomib, yenye kufunga proteasomu yenyewe, inatumiwa tangu 2003 kwa kansa moja ya uboho wa mifupa.

Inatengenezwa namna gani?

Haitolewi kwa damu ya mtu. Wanachukua jeni ya mwanadamu, yaani maagizo ya kujenga enzimu ile, wanaipandikiza ndani ya bakteria, mara nyingi E. coli, ama ndani ya seli za wadudu. Bakteria wanazaana na kuitengeneza, kisha inasafishwa. Insulini ya wagonjwa wa sukari ilianza kutolewa kwa njia ya namna hii tangu 1982.

Na malaria?

Kimelea cha malaria pia kiko na ubikitini, proteasomu na deubikitinasi zake. Artemisinini, ambayo aina yake moja iko ndani ya dawa kama Coartem, inaharibu protini za kimelea na kuzuia mashine yake ya kusaga. Takataka zinajaa, kimelea kinakufa. Lakini deubikitinasi moja ya kimelea, UBP1, ikibadilika, inaweza kukisaidia kuvumilia dawa. Nchini Kenya, watafiti walieleza mwaka 2014 kwamba walipata mabadiliko kwenye jeni hiyo katika vimelea vya watoto waliotibiwa.

Kwa hiyo watafiti wanatafuta dawa mpya zenye kupiga enzimu za kimelea. Hapo enzimu ya mwanadamu inakuwa na kazi yake: dawa inajaribiwa juu ya zote mbili. Ikifunga ya kimelea na kuacha ya mtu, kuna tumaini. Ikifunga zote, inaweza kumuumiza mgonjwa. Afazali ijulikane kwenye kichupa kuliko kwenye mwili wa mtoto.

Juu ya nini si dawa?

Kwanza, haijapimwa wala kuruhusiwa kwa kutibu mtu. Pili, ukiimeza, tumbo litaimeng'enya sawa vile linavyomeng'enya nyama. Na kuidunga ni hatari: kinga ya mwili inaweza kuishambulia, na mabaki ya bakteria yanaweza kuleta homa kali. Tatu, kwa kawaida inahifadhiwa kwenye baridi ya digrii 70 ama 80 chini ya sifuri. Mahali umeme unakatika mara kwa mara, kama hapa Bukavu, kichupa kinaweza kuharibika bila rangi yake kubadilika. Hilo ni moja ya magumu ya kufanya utafiti wa namna hii kwetu.

Mtu akikuletea kichupa kama hicho na kusema kinatibu kansa ama malaria, usikubali. Mtoto akipata homa, umpeleke kituo cha afya apimwe, na akipewa dawa, amalize siku zote alizoandikiwa.