Robota Lililotoka Kasekera

Sentensi ya darasani tunaijua wote: Chuma na Susi, watumishi waaminifu, waliubeba mwili wa David Livingstone mpaka pwani. Basi. Ni fupi, inakaririka, na mitihani inaipenda. Mimi inanikera kwa sababu mbili. Kwanza, watu wawili hawabebi maiti kwa miezi tisa. Pili, uaminifu peke yake haukaushi mwili wa mtu, hauandiki barua, wala haupenyi kwenye vijiji visivyotaka maiti ipite. Kazi ile ilitaka ujuzi, na hakukuwa na mtu mmoja aliyekuwa nao wote.

Tuanzie Tabora, maana msafara wenyewe uliundwa huko. Enzi hizo Unyanyembe ilikuwa njia panda ya bara. Kutoka Bagamoyo ulifika hapo kwanza, ndipo ukaamua: magharibi kwenda Ujiji, kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, au kusini kuelekea Ufipa na Katanga. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa upagazi, na njia hiyo ilikuwa na taratibu zake: kiongozi anayetangulia, posho, hongo kwa watawala, mizigo iliyofungwa kwa kipimo. Agosti 1872, baada ya kungoja kwa miezi kwenye tembe la Kwihara, Livingstone aliondoka na watu ambao wengi wao Stanley alikuwa amemtumia kutoka pwani. Walielekea kusini. Mwanzoni mwa Mei 1873 akafia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo.

Sasa hebu tazama nani alikuwa pale. Chuma, Myao, alikombolewa utumwani mwaka 1861 akiwa kijana. Susi alitoka Shupanga, kwenye mto Zambezi, na aliajiriwa kwanza kwa kazi za meli. Jacob Wainwright alikuwa mmoja wa vijana waliookolewa utumwani wakasomeshwa Nasik, India. Manua Sera na Chowpereh walikuwa wazoefu wa misafara, waliokwisha kumtumikia Stanley. Farjallah aliwahi kumtumikia daktari Zanzibar. Halima alikuwa mpishi. Takriban watu 60 kwa jumla, makabila tofauti, wengine hata hawakupendana sana.

Chuma na Susi hawakuamua peke yao. Waliwaita wenzao, wakawaeleza hatari. Kusafiri na maiti katika nchi za watu lilikuwa jambo la kuogofya, na lingeweza kuwaletea faini au vita. Wenzao wakawaambia: nyinyi ndio wazee wa safari, tuongozeni. Chitambo mwenyewe aliona ni afadhali azikwe palepale. Waliposhikilia nia yao, aliwaruhusu kujenga kambi nje ya kijiji, na akaja kuomboleza pamoja nao.

Hapo ndipo kila mmoja alipotoa alichonacho. Farjallah, kwa yale aliyoyaona kwa daktari wake, aliupasua mwili na kuutoa matumbo, akisaidiwa na Carus Farrar. Safene alikuwa na akiba ya chumvi. Moyo ukazikwa chini ya mti, Jacob akasoma sala ya maziko, kisha akachonga maandishi kwenye shina la mti huo. Yeye pia aliandika orodha ya vitu vya marehemu, ili baadaye asije mtu akasema vimeibwa. Mwili ulianikwa juani kwa wiki mbili katika kibanda kisicho na paa. Ukafungwa kwa kitambaa, ukaingizwa ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima kama bomba, ukashonewa turubai na kufungwa kwenye mti wa kubebea. Ukiondoa mtu mmoja tu katika mlolongo huo, mzigo usingeondoka kwa Chitambo. Wahenga walishasema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Njiani haikuwa ngano ya mashujaa. Siku za mwanzo tu maradhi yaliwaangusha wengi, na wapo waliokufa. Kwa Chawende walipigana na wenyeji na kukiteka kijiji, jambo ambalo wasimuliaji wanaopenda neno “waaminifu” hulipita haraka. Walikuwa watu wenye bunduki, wenye hofu na wenye hasira pia.

Kwa nini walijitesa hivyo? Jibu la kawaida ni mapenzi kwa bwana wao, na sikatai kwamba yalikuwepo. Ila kuna jambo ambalo kila mtu wa misafara alilijua. Mwishoni mwa mwaka 1866 wapagazi waliomtoroka Livingstone walirudi pwani wakisema ameuawa. Ilikuwa uongo, na Uingereza ikalazimika kutuma watu kuthibitisha hivyo. Baada ya hapo, mpagazi gani angerudi Zanzibar mikono mitupu, aseme mzungu amekufa, halafu aaminiwe na kulipwa mshahara wake? Mwili ulikuwa hoja. Naona akili hapa, na haipunguzi heshima yao hata kidogo.

Walipokaribia Tabora walisikia kwamba mtoto wa Livingstone yuko Unyanyembe. Jacob akaandika barua, Chuma akatangulia nayo. Oktoba 1873 akafika Kwihara. Kumbe aliyekuwepo ni Luteni Cameron, aliyetumwa kumsaidia mtu ambaye sasa ni marehemu. Cameron akawashauri wamzike hapohapo. Wakakataa. Alichukua baadhi ya vyombo vya kupimia, ingawa wao walitaka kila kitu kifike pwani kama kilivyo. Mwili hawakumwachia.

Kisha likaja la Kasekera, ambalo kwangu ndilo kilele cha safari nzima. Ilijulikana kwamba vijiji vya mbele havitaruhusu maiti ipite. Basi wakaufungua mzigo msituni, wakalifukia lile gome, na kuufunga mwili upya kama robota la kawaida la nguo. Njia ya kwenda pwani ilijaa marobota. Nani angelitazama hilo mara mbili? Halafu wakakata mabua ya mtama, wakayavisha kitambaa kama sanda, na kukunja karatasi kama barua na kuibana kwenye kijiti kilichopasuliwa, kama walivyofanya matarishi. Watu sita wakageuka nyuma na maiti hiyo ya mabua, eti wanairudisha Unyanyembe ikazikwe. Usiku wakayatupa mabua kidogo kidogo, wakaruka nje ya njia ili wasiache nyayo, na alfajiri wakawa kambini. Watu waliridhika kwamba maiti imerudishwa.

Hiyo ilikuwa hila ya watu wa misafara. Mgeni asingeweza kuibuni, maana ilitaka kujua robota linavyofungwa, tarishi anavyotembea, na mwenyeji anachoogopa.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Mwili ukachukuliwa kwa meli, na wengi wao wakalipwa mshahara na kuambiwa kwaherini. Jacob peke yake aliusindikiza hadi London, na tarehe 18 Aprili akawa miongoni mwa wabeba jeneza katika Westminster Abbey. Kabla ya hapo daktari alikuwa ameupima mkono uliowahi kuvunjwa na simba, akathibitisha kwamba ni yeye. Ile hoja waliyoibeba tangu kwa Chitambo ikakubaliwa. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye mwaka huohuo, maziko yakiwa yamekwisha, wakamsaidia Horace Waller kuhariri shajara za mwisho za Livingstone. Wasomaji wa vitabu tukumbuke hili: shajara hizo zilikuwa ndani ya mizigo ileile. Bila wapagazi hao, kitabu kisingekuwepo.

Mwaka 2019 Petina Gappah wa Zimbabwe alitoa riwaya ya safari hii, akawapa usimulizi Halima na Jacob. Nimefurahi kwamba mpishi amepata sauti, hata kama ni ya kubuni.

Royal Geographical Society nayo ilitengeneza medali 60 za fedha kwa ajili ya wasafiri hao. Zilipofika, wengi walishatawanyika kwenye misafara mingine. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, Susi mwaka 1891. Jacob, aliyeandika barua ile ya kwenda Kwihara, alifia Urambo mwaka 1892, katika mkoa ambao leo unaitwa Tabora.