Uhakiki wa Vipimo vya Mwendokasi wa Risasi na Tafsiri ya Mapigano ya Tanga, 1914: Mtazamo Kutoka Njia ya Reli ya Mkumbara

Utangulizi

Mkumbara, katika Wilaya ya Korogwe, ipo chini ya milima ya Usambara kando ya reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Katika kumbukumbu za utawala wa Wajerumani jina lake huhusishwa zaidi na magogo ya mierezi yaliyoteremshwa kutoka Shume kwa kamba za chuma ili yapakiwe kwenye mabehewa. Mwanzoni mwa Novemba 1914, shehena iliyopita hapo ilikuwa ya aina nyingine. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, wakati huo akiwa luteni kanali, alizisafirisha kampuni za askari kwa treni kutoka upande wa Kilimanjaro kwenda kuilinda Tanga dhidi ya kikosi cha Uingereza kilichotoka India.

Sehemu kubwa ya askari hao Waafrika walibeba bunduki za Mauser za mwaka 1871, zilizotumia baruti nyeusi. Wapinzani wao walikuwa na bunduki za Lee-Enfield zenye baruti isiyotoa moshi. Katika maandishi kuhusu vita hivyo, tofauti hii hutajwa kwa tarakimu: risasi ya Mauser takriban mita 440 kwa sekunde, na ya Lee-Enfield yenye risasi za Mark VII takriban mita 740. Insha hii inachunguza tarakimu hizo zilivyopatikana, jinsi vyombo vilivyozipima vilivyohakikiwa, na kiasi cha uzito ambacho mwanahistoria anaweza kuzitwisha. Hoja yake ni kwamba kipimo kisichojulikana kilivyohakikiwa hakitoshi kuwa ushahidi, na kwamba hata kilichohakikiwa hujibu swali lake tu.

Kipimo na vyanzo vya kosa

Kanuni ya kupima mwendokasi wa risasi haitofautiani na ile ya kupima mwendo wa treni kati ya Mkumbara na Korogwe. Huhitajika vituo viwili, umbali kati yake, na muda uliopita. Ikiwa saa za stesheni hizo mbili hazikubaliani, jibu litakuwa na kosa hata kama hesabu imefanywa sawasawa. Ikiwa umbali umepimwa vibaya, kosa hilo litarudi katika kila safari bila kujionyesha.

Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alieleza namna ya kuikwepa saa. Risasi ilipigwa kwenye gogo lililoning'inizwa, na mwendokasi wake ukakokotolewa kutokana na uzito wa vitu hivyo viwili na kiasi cha gogo kubembea. Katika miaka ya 1860 ofisa wa mizinga wa Ubelgiji, Paul-Émile Le Boulengé, alibuni kronografu iliyoenea katika majeshi mengi. Risasi ilikata waya wa kiunzi cha kwanza, na fimbo ndefu iliyoshikwa na sumaku ya umeme ikaanza kuanguka. Ilipokata waya wa kiunzi cha pili, fimbo fupi ilianguka na kufyatua kisu kilichotia alama kwenye ile ndefu. Urefu wa alama ulionyesha muda, kwa kuwa kanuni ya kuanguka kwa vitu ilijulikana.

Thamani kubwa ya chombo hicho ilikuwa uwezo wake wa kukaguliwa kabla ya kila zoezi. Sumaku na kisu huchelewa kidogo kufanya kazi. Kwa hiyo paliwekwa kikatizi kilichokata umeme wa nyaya zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa kuwa hapakuwa na muda wowote kati ya matukio hayo mawili, alama iliyopatikana ilikuwa ya ucheleweshaji wa chombo chenyewe. Mpimaji alirekebisha chombo hadi alama hiyo isimame kwenye milimita 110.4, yaani sekunde 0.15 za kuanguka, kisha akaondoa sekunde hizo katika kila kipimo. Chombo kilipewa kwanza swali ambalo jibu lake lilikuwa linajulikana.

Ukubwa wa makosa yaliyobaki unaweza kukadiriwa. Viunzi vikitenganishwa kwa mita 50, kosa la milimita moja katika kusoma alama huleta kosa la takriban mita 1.5 kwa sekunde kwa risasi ya mita 440, na takriban mita 5 kwa risasi ya mita 740. Mvutano wa dunia nao ni mdogo kidogo karibu na Ikweta kuliko Ulaya. Mpimaji ambaye angetumia Tanga hesabu za Ulaya angekosea chini ya mita moja kwa sekunde kwa risasi ya Mauser. Kosa hilo lipo, lakini halibadilishi hitimisho.

Hali ni tofauti kwa kronografu za sasa zinazotumia vihisio vya mwanga, ambavyo mara nyingi hutenganishwa kwa sentimita 30 hivi. Hapo vihisio vikisogea milimita 3 tu huleta kosa la asilimia moja. Kurudia kupiga hakuliondoi kosa hilo, kwa sababu chombo kinaweza kutoa jibu lile lile mara kumi na kukosea mara zote kumi. Uthabiti wa majibu si usahihi wake. Uhakiki wa kweli unahitaji chombo cha pili chenye udhaifu wa aina nyingine, kama pendulamu ya Robins ilivyotofautiana na kronografu ya Le Boulengé.

Tarakimu na mapigano ya Tanga

Kwa mwanga huo, tofauti ya mita 300 kwa sekunde kati ya bunduki hizo mbili inaaminika, kwa kuwa ni kubwa mara nyingi kuliko kosa la chombo. Tarakimu za mwisho haziaminiki kwa kiasi hicho. Wajerumani walizoea kutaja mwendokasi wa mita 25 mbele ya mtutu: kwa Mauser ya 1898 yenye risasi za S, takriban mita 860, wakati kwenye mdomo wa mtutu ni takriban 895. Anayelinganisha tarakimu ya aina moja na ya aina nyingine huzalisha tofauti isiyokuwepo. Zaidi ya hayo, vipimo vilitoka katika viwanja vya majaribio vya Ulaya, si katika bunduki kuukuu zilizopita Mkumbara mikononi mwa askari.

Maana ya tofauti hiyo vitani inaweza kuonyeshwa kwa hesabu rahisi. Bila kuhesabu ukinzani wa hewa, risasi ya mita 440 hushuka takriban mita moja inapofika mita 200, na ile ya mita 740 hushuka takriban sentimita 36. Askari mwenye Mauser ya 1871 alihitaji kukadiria umbali kwa uangalifu zaidi, huku moshi wa baruti ukimfichua alipo.

Hata hivyo, waliokuwa na risasi za kasi zaidi ndio walioshindwa. Kikosi cha Meja Jenerali Arthur Aitken kilikuwa na watu wapatao 8,000. Walinzi wa Tanga walikuwa takriban 1,000. Waingereza waliondoka tarehe 5 Novemba wakiacha mamia ya bunduki, bunduki za rashasha, na risasi zipatazo 600,000, ambazo Lettow-Vorbeck alizitumia kuzipa silaha kampuni zake. Kasi iliyoamua zaidi ilikuwa ya reli, iliyoleta walinzi kabla washambuliaji hawajajipanga. Msitu na mashamba yaliyozunguka mji vilifupisha umbali wa kuonana, na hivyo kupunguza faida ya risasi yenye kasi.

Hitimisho

Uhakiki wa kronografu unamfundisha mwanahistoria mambo matatu: kujua kipimo kilichukuliwa wapi, kujua chombo kilikaguliwa kwa jibu gani lililojulikana, na kutafuta ushahidi wa pili usioshiriki kosa la kwanza. Tarakimu za Mauser na Lee-Enfield zinapita mtihani huo kwa jumla, si kwa kila mita. Lakini zikitumiwa peke yake kuyaeleza mapigano ya Tanga, zinawafuta askari Waafrika waliopigana kwa silaha duni na kushinda. Ushindi huo hauelezwi na kasi ya risasi, kwa sababu kasi hiyo ilikuwa upande wa pili.