Jiko la udongo lilivyopata kiuno

Tangu mkutano wa Paris wa Mei 2024 kuhusu nishati safi ya kupikia barani Afrika, makaa yamekuwa mshtakiwa asiye na wakili. Kenya imejiwekea mwaka 2028 kuwa kikomo cha kumfikishia kila mwananchi nishati safi. Tanzania nayo inataka asilimia 80 ya watu wake wawe wamefikiwa ifikapo 2034, na majukwaani mtungi wa gesi unasifiwa kama bibi harusi. Hakuna ubaya. Kinachokera ni kwamba katika hotuba zote hizo ni nadra kusikia likitajwa jiko lililoianza kazi ya kupunguza makaa zaidi ya miaka 40 iliyopita: jiko la udongo, lile lenye bati kwa nje na kigae kwa ndani, linalopika chapati katika nyua nyingi za Nairobi. Vitabuni linaitwa Kenya Ceramic Jiko.

Kabla yake palikuwa na jiko la bati tupu, ambalo wanahistoria wanalihusisha na vibarua na wafanyabiashara wa Kihindi waliokuja enzi za ujenzi wa reli. Lilikuwa rahisi na jepesi, lakini lilikula makaa kwa pupa. Daniel Kammen, mwanasayansi wa Marekani aliyeandika makala ndefu kuhusu majiko katika jarida la Scientific American mnamo Julai 1995, aliweka wazi kwamba jiko hilo lilifikisha kwenye sufuria asilimia 10 hadi 20 tu ya joto la makaa. Zaidi ya nusu ilipotea kupitia ubavuni, ikapasha moto miguu ya mpishi na hewa ya uani.

Hasara hiyo haikumuuma mtu wakati gunia la makaa lilikuwa la bei ya chini. Kisha mafuta yakapanda miaka ya 1970, miji ikafurika watu, na misitu ikaanza kusogea mbali na barabara. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ukafanya mkutano wake wa nishati mpya na jadidifu hapa Nairobi. Wajumbe walipoondoka, mazungumzo ya majiko yalibaki. Wizara ya Nishati ikaingia, fedha za Wamarekani zikaingia, mashirika ya kiraia yakaunda mwamvuli wao wa KENGO, na mbunifu Maxwell Kinyanjui, ambaye jina lake ndilo linalotajwa sana katika kisa hiki, akawa miongoni mwa waliokuwa wakichunguza jiko moja kutoka Thailand.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Jiko la Thailand lilikuwa na umbo la ndoo: pana juu, jembamba chini, limejazwa udongo uliochomwa kutoka mdomoni hadi kitakoni. Huko kwao lilifanya kazi vizuri, na kwenye mizani ya maabara lilifanya vizuri hapa pia. Likapelekwa kwa akina mama walijaribu, nao wakarudi na malalamiko. Kwanza, lilipinduka. Mtu anayesonga ugali hasongi kwa adabu. Hukanyaga jiko kwa mguu mmoja, akashika sufuria kwa koleo au kitambaa, akauzungusha mwiko kwa nguvu za bega zima. Jiko lenye kitako chembamba haliwezi kustahimili hayo. Pili, sufuria hazikuwa zikikaa sawasawa mdomoni. Tatu, udongo ulipasuka. Udongo na chuma havitanuki sawa vikipata moto, na kikombe kizito kilichobanwa na bati pande zote hakina pa kwenda ila kufanya nyufa. Ufa ukifika kwenye matundu ya chini, makaa yanadondoka yakiwa mekundu, na mpishi anabaki na gamba la bati.

Pembeni palikuwa na mshindani. UNICEF ilikuwa na jiko lake lililoitwa Umeme, la chuma tupu, lenye kuta mbili na kizuia joto katikati. Wahandisi walilipenda, kwa sababu lilibana joto kweli kweli. Ila lilikuwa na vipande vingi na kazi nyingi, na bei yake ikawa ya watu ambao tayari walikuwa na gesi. Sokoni halikufika mbali. Nimesoma wataalamu wakieleza kushindwa kwake kwa heshima kubwa. Mimi nadhani mfuko wa mnunuzi wa soko la Gikomba ulikwisha kutoa hukumu mapema.

Suluhisho la jiko la ndoo lilikuwa kulikata kiuno. Mwongozo wa Hugh Allen kwa watengenezaji majiko, uliochapishwa mwaka 1991, unalifafanua kwa undani unaomfaa fundi. Chukua koni mbili zilizokatwa ncha, zikutanishe pale penye wembamba. Koni ya juu inabeba kikombe cha udongo, ambacho uzito wake unalala kwenye mteremko wa bati. Koni ya chini ni chumba cha majivu, nayo inapanuka hadi chini, ikalipa jiko kitako kisichotikiswa na mwiko. Udongo ukapungua karibu nusu, uzito ukapungua, nyufa zikapungua. Kati ya kigae na bati hupakwa saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto na kuupa udongo nafasi ndogo ya kutanuka.

Uzuri mwingine ni kwamba umbo hilo halikuhitaji kiwanda. Fundi wa Kamukunji, jijini Nairobi, hulaza bati la pipa kuukuu juu ya kipande cha reli, akakata kwa kufuata kielelezo, akakunja mishono kwa nyundo bila kuchomelea, akatia mlango wa hewa na mafiga matatu ya chuma. Kikombe anakinunua kwa mfinyanzi, aliyekitoboa matundu udongo ukiwa haujakauka sawasawa, kisha akakichoma tanurini. Wizara na KENGO zililipia mafunzo, lakini jiko lenyewe halikupewa ruzuku, na hakuna aliyelifungia hataza. Mwanzoni liliuzwa karibu dola 15. Mafundi walipoanza kuigana, bei ikashuka hadi kati ya dola 2 na 5. Kufikia 1995, kwa hesabu za Kammen, yalikuwa yameuzwa zaidi ya 700,000, na zaidi ya nusu ya nyumba za mijini Kenya zilikuwa nalo. Familia ya kawaida iliokoa zaidi ya kilo 600 za makaa kwa mwaka.

Kutoka hapo lilisafiri. Uganda na Rwanda lilifika, Dar es Salaam likawa jiko bora, Ethiopia likawa Lakech, Senegal nako likapata jina lake.

Kwingine jiko la aina hii hutunzwa kuliko kwetu. Wamarekani wana jiko lao la kauri, lenye umbo la yai, lililotokana na kamado ya Kijapani na kuuzwa Atlanta na Ed Fisher tangu 1974. Anayelinunua huliundia meza ya mbao, akaacha nafasi ya moto kupumua, akaweka na jiwe chini yake mbao zisiungue. La kwetu huachwa mlangoni linyeshewe, halafu tunashangaa likioza bati.

Ule uhuru wa kuigana ulioshusha bei ndio huo huo ulioharibu mengine. Wapo wanaochoma udongo nusunusu ili kubana kuni, na wapo walioiacha vemikulaiti wakabaki na saruji tupu. Mwaka 2013 serikali ilitoa kanuni za majiko yaliyoboreshwa, zilizotaka mtengenezaji awe na leseni. Sokoni bado utaona majiko yamepangwa hadi kiunoni mwa mtu, yasiyo na jina wala alama ya aliyeyatengeneza. Serikali ingeweza kuanza na muhuri mmoja kwenye udongo mbichi, kabla haujaingia tanurini. Kwa sasa mnunuzi hujitegemea: hugonga kikombe kwa konzi, akachukua kinacholia na kuacha kinachonyamaza. Akifika nyumbani, siku ya kwanza huwasha makaa machache tu, unyevu uliosalia kwenye saruji utoke taratibu.