Jina la Mashine na Kazi ya Karani: Historia ya Tarakilishi ya Kwanza ya Ofisini

1. Utangulizi

Mwaka 1955 tawi la Ufaransa la kampuni ya IBM lilikuwa likitafuta jina la Kifaransa kwa ajili ya mashine mpya ambayo lilitaka kuiuza. Lilimwuliza Jacques Perret, mtaalamu wa Kilatini katika Sorbonne, naye katika barua ya mwezi wa Aprili akapendekeza neno ordinateur. Neno hilo halikuwa geni kabisa, kwani lilikuwa limewahi kutumika katika lugha ya dini kumtaja Mungu kuwa ndiye aupangaye ulimwengu. Neno la Kiingereza, computer, lilikuwa na historia tofauti. Kabla ya kuwa jina la mashine, lilikuwa jina la binadamu, yaani mfanyakazi aliyelipwa ili akokotoe hesabu. Hivyo lugha mbili zilikitazama kitu kimoja kwa namna mbili: moja iliona chombo cha kuhesabu, nyingine iliona chombo cha kupanga.

Kiswahili nacho hakina sauti moja. Katika Afrika ya Mashariki wengi husema kompyuta, na baadhi ya waandishi hutumia tarakilishi, neno ambalo ndani yake zinasikika tarakimu na akili. Katika miji ya Kongo neno la Kifaransa ndilo linalosikika zaidi. Makala haya, ambayo yatatumia neno tarakilishi, yanakusudia kuchunguza ni jina lipi kati ya hayo linaloeleza vizuri zaidi mambo yaliyotokea mashine hiyo ilipoingia ofisini. Mfano mkuu ni kampuni ya Kiingereza ya J. Lyons, iliyouza chai na keki. Mfano wa pili, ulio karibu zaidi nasi, ni Wizara ya Fedha ya Tanzania.

2. Ofisi kabla ya mashine

Kampuni ya Lyons ilifungua mkahawa wake wa kwanza wa chai katika mtaa wa Piccadilly, London, mwaka 1894. Katika nyakati zake za neema mikahawa hiyo ilizidi 200. Kampuni ilioka mikate na keki katika viwanda vyake yenyewe, ikavisafirisha vitu hivyo kila siku, na kuviuza kwa bei nafuu. Biashara ya namna hiyo huishi kwa faida ndogo mno inayopatikana mara nyingi sana. Kikombe kimoja cha chai hakimtajirishi mtu. Lakini kila kikombe, kila keki na kila gunia la unga vilihitaji kuandikwa, kujumlishwa na kulinganishwa. Kwa sababu hiyo kampuni ya chai ilikuwa pia, bila ya wateja wake kujua, jeshi kubwa la makarani.

Mwaka 1923 kampuni ilimwajiri John Simmons, kijana aliyekuwa amesomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Simmons hakutaka hesabu ziwe kumbukumbu tu za mambo yaliyopita. Alitaka zimsaidie msimamizi aamue la kufanya kesho. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ilianzisha idara ndogo ambayo kazi yake ilikuwa kuchunguza kazi za ofisi nyingine: nani anaandika fomu hii, anampelekea nani, huyo wa pili anaifanyia nini, na je, ingetokea nini kama isingeandikwa kabisa? Jambo hili linastahili kusisitizwa. Wakati huo tarakilishi haikuwapo popote duniani. Watu wa Lyons walikuwa tayari na desturi ya kuisoma kazi yao kama mtu asomavyo matini, takriban miaka 20 kabla ya kupata mashine.

3. Kuzaliwa kwa LEO

Mwaka 1947 wafanyakazi wawili wa Lyons, Raymond Thompson na Oliver Standingford, walitumwa Marekani kutazama mbinu mpya za kazi za ofisini. Mbinu za kawaida hazikuwavutia sana. Kilichowavutia ni habari za mashine za elektroniki zilizokuwa zimebuniwa kwa ajili ya hesabu za kijeshi na za kisayansi. Huko Princeton walizungumza na Herman Goldstine, mmoja wa waanzilishi wa mashine hizo, naye akawaarifu kwamba kazi kama hiyo ilikuwa ikifanyika nchini mwao wenyewe, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, chini ya Maurice Wilkes.

Waliporudi, kampuni ilikipa chuo hicho pauni 3,000 pamoja na msaidizi mmoja, kwa makubaliano kwamba ingenufaika na maarifa yatakayopatikana. Mashine ya Cambridge, EDSAC, ilifanya hesabu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Baada ya hapo Lyons ilianza kuunda mashine yake kwa kufuata mfano huo, ikiongozwa na mhandisi John Pinkerton. Iliitwa LEO, kwa kufupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya ofisi ya elektroniki ya Lyons. Msomaji wa Kiswahili atalisoma jina hilo kwa maana yake mwenyewe, na hatakosea sana.

LEO ilijaza ukumbi mzima. Ilikuwa na vali 6,000 hivi, za namna ya zile zilizokuwa ndani ya redio za zamani, na ilitunza kumbukumbu zake kwa kupitisha mawimbi ya sauti katika mirija iliyojaa zebaki. Mwezi wa Septemba 1951 ilijaribiwa kwa kazi ya kukadiria thamani ya mikate na keki zilizotengenezwa viwandani, na kufikia mwisho wa Novemba mwaka huohuo kazi hiyo ilikuwa imekabidhiwa kwake kila juma. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa kazi ya kwanza ya kawaida ya ofisi ya biashara kufanywa na tarakilishi.

4. Kazi ilivyolazimika kusimuliwa

Mapema mwaka 1954 LEO ilianza kutayarisha mishahara. Karani mzoefu alihitaji dakika 8 hivi kukokotoa malipo ya mfanyakazi mmoja pamoja na kodi na makato yake. Mashine ilihitaji sekunde 1.5. Tarakimu hizo hunukuliwa mara nyingi, na anayezitazama peke yake atasema kwamba Waingereza waliita sawa: chombo hiki ni cha kuhesabu. Lakini sekunde hizo zilitanguliwa na kazi ndefu ambayo haionekani katika tarakimu.

Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa David Caminer, aliyeingia Lyons mwaka 1936 na kuwa baadaye mkuu wa idara ya uchunguzi wa kazi. Tatizo lililomkabili linaweza kuelezwa hivi. Karani anajua mambo mengi ambayo hajawahi kuyasema. Anajua la kufanya mfanyakazi akiwa amekuwa mgonjwa siku tatu, au akiwa amehama idara katikati ya juma, au fomu ikifika bila tarehe. Akiulizwa, atajibu kwamba anafanya tu kama kawaida. Mashine haijui kawaida. Kila hali, hata ile inayotokea mara moja kwa mwaka, ni lazima itajwe mapema, na kwa mpangilio usioacha pengo. Caminer na wenzake walichora mtiririko wa kazi hatua kwa hatua, wakaweka majumla ya kulinganisha ili kosa lijitokeze lenyewe, na wakazoea kukaguana: programu iliyoandikwa na mmoja ilisomwa na mwingine kabla ya kukubaliwa.

Ni nani waliofanya kazi hiyo? Kampuni haikuwatafuta wanahisabati peke yao. Iliwafungulia wafanyakazi wake mafunzo mafupi na magumu, kisha ikawachagua waliofaulu. Mary Coombs, aliyejiunga na kundi hilo mwaka 1952 na kuhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuandika programu za biashara, alikuwa amesomea Kifaransa na historia chuoni, na kabla ya hapo alikuwa karani katika kampuni hiyohiyo. Frank Land, aliyezaliwa Berlin na kuletwa Uingereza mtoto mwaka 1939 kwa kukimbia mateso ya Wanazi, naye alitoka miongoni mwa makarani wa Lyons. Baadaye alikuwa profesa katika London. Watu hawa waliijua kazi kutoka ndani, na waliweza kuieleza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa mikahawa, ulioanza mwezi wa Oktoba 1954. Zamani kila msimamizi wa mkahawa aliandika agizo lake lote la keki, mikate na vyakula vingine vya siku ifuatayo. Wachunguzi waligundua kwamba sehemu kubwa ya agizo la Jumanne hii ilikuwa sawa na ya Jumanne iliyopita. Basi mashine ikapewa agizo la kudumu la kila mkahawa kwa kila siku ya juma. Msimamizi alipigiwa simu, akataja mabadiliko tu, na msichana aliyempokea aliyatoboa papo hapo katika kadi. Mashine ilitoa hati za kupakia magari, na pia iliwaonyesha wakuu mahali ambapo mauzo yalikwenda kinyume cha matarajio. Katika mabadiliko haya hesabu yenyewe ilikuwa sehemu ndogo. Kilichobadilika ni mpangilio: nani aseme nini, kwa nani, na saa ngapi.

Hata hivyo, si kila karani aliyepanda cheo pamoja na mashine. Kazi ya kujumlisha ilipopungua, kazi ya kutoboa kadi iliongezeka, na hiyo haikuwa na uhuru wala heshima zaidi ya ile ya kwanza. Waliofanya kazi hiyo kwa wingi walikuwa wasichana, nao walilipwa kwa wepesi wa vidole, si kwa ujuzi wao wa biashara. Ofisi iligawanyika pande mbili: wachache waliopanga maswali, na wengi walioilisha mashine majibu. Mgawanyiko huo umedumu katika sura mbalimbali muda mrefu baada ya kadi zenyewe kutoweka.

5. Kutoka London hadi Dar es Salaam

Mwaka 1954 Lyons iliunda kampuni tanzu ya kutengeneza na kuuza mashine za LEO. Ubora wake katika kupanga kazi ulitambuliwa, lakini soko lilitaka mtaji mkubwa ambao kampuni ya chai haikuwa nao. Mwaka 1963 kampuni hiyo iliungana na idara ya tarakilishi ya English Electric, na LEO ya kwanza ilizimwa mwezi wa Januari 1965. Kisha, mwaka 1968, warithi wake waliunganishwa na kampuni nyingine ya Kiingereza, ICT, na kuwa ICL. Hapo ndipo historia hii inapofika pwani ya Kiswahili, kwa maana ICT na ICL ndizo zilizoiuzia mashine Wizara ya Fedha ya Tanzania.

Tarakilishi ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500, iliwekwa katika wizara hiyo mwaka 1965. Kufikia mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na tarakilishi 7. Serikali ilikuwa imejaribu kuhamishia hesabu zake katika mashine ya aina ya ICL 1900, na jaribio hilo lilishindwa. Hesabu zilivurugika, wataalamu wenyeji walikuwa wachache mno, na kazi ilitegemea wageni. Mwaka huohuo wa 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa tarakilishi na vifaa vyake, isipokuwa kwa kibali maalumu. Amri hiyo ilikuja kulegezwa hatua kwa hatua, lakini ilikuwa imekwisha kuacha alama katika historia ya ofisi za nchi hiyo.

Ni rahisi kuicheka amri hiyo leo. Lakini ikitazamwa kwa nuru ya Lyons, inaeleweka zaidi. Wizara ilipokea chombo kilichokuwa matunda ya miaka mingi ya Waingereza kuchunguza ofisi zao, bila ya kupewa nafasi ya kuichunguza ofisi yake yenyewe kwa muda kama huo. Na kuna jambo lingine la kutafakari katika jarida la lugha. Tangu mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilikuwa imeagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili. Karani aliyeijua kazi aliisema kwa Kiswahili. Maelekezo ya mashine yalisomwa kwa Kiingereza. Isidaiwe kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kushindwa. Inatosha kuona kwamba simulizi ya kazi, ile iliyoiokoa Lyons, ilipaswa huku kuvuka mpaka wa lugha kabla ya kuifikia mashine. Miaka 30 baadaye, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili. Ulikuwa mwanzo wa kuuvunja mpaka huo.

6. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaelekea kumpa haki Jacques Perret. Tarakilishi ilipoingia ofisini ilihesabu haraka, lakini ilibadilisha mahali pa kazi kwa kulazimisha mpango utajwe wazi. Aidha, historia hiyo inarekebisha jina alilolitoa. Mashine haipangi chochote kwa nguvu zake yenyewe. Hurudia mpango iliopewa, pamoja na makosa yaliyomo.

Katika Kongo jambo hili si la nadharia. Tangu mwaka 2011, serikali ilipoanza kuwalipa watumishi wake kupitia benki, mshahara wa mwalimu umetegemea mstari mmoja katika orodha. Jina lililoandikwa kwa tahajia mbili huwa watu wawili machoni pa mashine, na jina lililokosewa huweza kuwa si mtu yeyote. Mwenye kujua kwamba Kasongo na Kassongo ni mwalimu mmoja ni karani wa shule, na huyo mara nyingi ndiye asiyeulizwa. Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga. Ofisi, shule au chuo kikuu kinachotaka kununua mashine mpya kingefanya vema kuanza kwa kumketisha karani huyo na kumwomba aieleze kazi yake tangu asubuhi hadi jioni, kwa lugha anayoitumia kuifanyia, huku mtu mwingine akiandika.