Kupiga kafi Mombasa: Asiyejua bamvua asiingie majini

MOMBASA ni kisiwa. Upande wa kaskazini mashariki, hori ya Tudor hukitenga na Nyali na Kisauni, na upande wa kusini, Mlango wa Kilindini hukitenga na Likoni. Maji haya, ambayo tangu jadi ni njia ya mitumbwi ya wavuvi, leo huwavutia pia wapenzi wa kayaki na ubao wa kupigia kafi.

Kayaki ni chombo chembamba cha kukalia ambacho asili yake ni Wainuit wa maeneo ya Aktiki, waliokiunda kwa ngozi za sili ili kuwindia. Siku hizi nyingi ni za plastiki. Mwenye ubao, kwa upande wake, husimama wima na kutumia kafi ndefu. Vyombo vyote viwili havina injini, hivyo nguvu za mikono ndizo hushindana na nguvu za bahari.

Ushindani huo ndio chanzo cha hatari. Maji hujaa kwa takriban saa sita, kisha yakapwa kwa muda kama huo, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huweza kuzidi mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu na mkondo hupungua.

Wakati wa bamvua, maji yote yaliyotanda kwenye mikoko ya Tudor hulazimika kurudi baharini kupitia njia nyembamba chini ya Daraja la Nyali na mbele ya Fort Jesus. Mkondo huwa mkali zaidi katikati ya kupwa, yaani saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kurudi. Upepo wa kusi unaovuma kutoka baharini ukikutana na mkondo huo, mawimbi huinuka mlangoni.

Kwa sababu hiyo, mwenye kutaka kuizuru mikoko huingia na maji yanayojaa na kuanza kurejea mara tu yanapogeuka. Anayechelewa huweza kukwama matopeni au kusombwa kuelekea nje.

Mlango wa Kilindini haufai kwa mazoezi kamwe, kwani hupitiwa na meli kubwa zisizoweza kusimama ghafla, pamoja na feri za Likoni.

Anayeanza hufaidika zaidi na maji yaliyo ndani ya mwamba kati ya Nyali na Bamburi, msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi. Hata huko, maji yakipwa sana matumbawe hujitokeza, nayo hayakanyagwi.

Jaketi la kuokoa maisha, filimbi na kamba ya kufunga ubao mguuni ni vya lazima. Aidha, mtu wa nchi kavu aambiwe saa ya kurudi.

Iwapo mkondo utamchukua mtu, asiupinge moja kwa moja, bali aukate kwa upande akielekea ufuo ulio karibu. Akipinduka, asikiache chombo. Chombo huelea, na waokoaji hukiona kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu.