Ucheleweshaji wa mizigo na uanachama wa kulipia

Ucheleweshaji wa mizigo kwa ajili ya kuuza uanachama ni mbinu ya maduka ya mtandaoni ambapo mteja asiyelipa ada hupangiwa tarehe ya mbali ya kupokea bidhaa, huku mwenye kulipa ada ya mwezi au mwaka akiahidiwa kuipata upesi. Mara nyingi bidhaa ni ileile na hutoka ghala lilelile.

Mfano unaojulikana zaidi ni Amazon ya Marekani. Mwaka 2002 ilianza kusafirisha bure oda kubwa za wateja waliokubali kusubiri. Tarehe 2 Februari 2005 ilianzisha Amazon Prime: dola 79 kwa mwaka, mzigo kufika kwa siku mbili. Kufikia 2022 ada ilikuwa dola 139. Wateja wasio wanachama wamelalamika kwamba oda zao hukaa siku kadhaa kabla ya kutumwa. Si kila kukaa huko ni hila, kwani mzigo usio na haraka unaweza kuunganishwa na mingine ili kupunguza gharama. Lakini mnunuzi haoni ghalani, hivyo hawezi kutofautisha foleni ya kweli na foleni ya kutengenezwa.

Historia

Mbinu yenyewe ni kongwe kuliko intaneti. Mwaka 1849 mhandisi Mfaransa Jules Dupuit aliandika kuhusu mabehewa ya daraja la tatu yasiyo na paa. Alieleza kwamba kampuni za reli hazikukwepa gharama ya paa. Zilitaka abiria mwenye uwezo asishuke daraja. Aliyelengwa hasa hakuwa maskini aliyenyeshewa, bali mwenye pesa aliyemtazama.

Mashtaka

Desemba 2024 Mwanasheria Mkuu wa Washington, D.C. aliishtaki Amazon, akidai kwamba tangu 2022 iliwapunguzia kimyakimya kasi wanachama wa Prime katika maeneo mawili ya jiji hilo huku ikiendelea kupokea ada zao. Amazon ilikana kosa na kutaja usalama wa madereva. Septemba 2025 ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi nyingine, iliyohusu kuwaandikisha watu Prime bila ridhaa yao na kufanya kujitoa kuwe kugumu.

Tanzania

Jumia, iliyowahi kuwa na mpango wa Jumia Prime katika baadhi ya nchi za Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Mkazi wa kata ya Mahongole, mkoani Njombe, anayeagiza simu Kariakoo kwa kawaida hulipia usafiri wa kila mzigo na kuupokea kwa basi Makambako, kwenye njia panda ya barabara za Mbeya na Songea. Basi likiharibika njiani, mizigo yote huchelewa pamoja.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji kutekeleza oda ndani ya siku 30, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine.