Majani ya Farao

Historia ya kale inayofundishwa nyumbani kwa kazi za mikono mara nyingi huishia kwenye kubandika. Piramidi ya boksi, mumia wa karatasi za chooni, safina ya vijiti vya aiskrimu: vyote hupendeza vikipangwa kabatini, na vyote vingeweza kutengenezwa na mtu asiyejua lolote kuhusu enzi hizo. Boksi halimbishii mtoto. Hukatika anapotaka likatike, kwa hiyo anachojifunza hasa ni matumizi ya gundi. Kazi ya mikono hufundisha historia pale tu malighafi inapomletea mwanafunzi ukaidi uleule iliomletea fundi wa zamani, na kwa msomaji wa Biblia sioni mfano bora kuliko tofali la udongo la sura ya 5 ya Kutoka.

Sura hiyo wengi huisimulia vibaya. Husema Farao aliwalazimisha Waisraeli kufyatua matofali bila majani. Andiko halisemi hivyo. Majani waliyokuwa wakiletewa yalikatwa, wakaambiwa wayatafute wenyewe, na hesabu ya matofali ya kila siku ikabaki palepale. Wakatawanyika nchini kukusanya mabua. Anayesoma bila kuwahi kushika udongo huona ukali wa mfalme tu, kwa kuwa hajui majani yana kazi gani. Lakini chukua udongo wa mfinyanzi, ujaze kalibu mbili ndogo za mbao, moja udongo mtupu, nyingine uliokandwa na majani makavu yaliyokatwakatwa na kulowekwa. Udongo mtupu ukikauka hunywea na kupasuka. Ule wa pili hustahimili, maana nyuzi za majani huushikilia na kuupunguzia kunywea. Aliyewahi kukandika nyumba analijua hilo bila kuambiwa. Sasa mtoto ayakate majani hayo mwenyewe, ndipo aielewe hila ya Farao: makapi hutoka kwenye uwanja wa kupuria yakiwa yameshapondeka, ilhali mabua yangali shambani, lazima yang'olewe, yabebwe, yakatwe. Watu wale waliibiwa muda, kisha wasimamizi wao Waisraeli wakachapwa kwa kutotimiza hesabu.

Kwamba kazi ilikwenda hivyo, Wamisri wenyewe wameacha ushahidi. Katika kaburi la waziri Rekhmire huko Thebes, lililochorwa karibu na mwaka 1450 KK, wamo watu wanaochota maji bwawani, wanaochanganya udongo kwa jembe na wanaofyatua matofali kwa kalibu ya mbao, huku wasimamizi wakiwa na fimbo. Miongoni mwa wafanyakazi hao ni mateka wa kutoka Shamu na Nubia. Hati ya ngozi ya mwaka wa 5 wa utawala wa Farao Ramesses II, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Louvre, inaorodhesha wasimamizi 40, kila mmoja akidaiwa matofali 2,000. Na katika barua moja ya mafunjo, mwandishi wa serikali analalamika kwamba alipo hakuna watu wa kufyatua wala majani. Malalamiko hayo yangeweza kuwa yametoka katika kitabu cha Kutoka chenyewe.

Atatokea wa kuuliza kama tofali la uani linathibitisha kwamba Musa alikuwapo. Halithibitishi, na mzazi asimdanganye mtoto. Hakuna hati ya Misri ya enzi hizo iliyopatikana inayosimulia kutoka kwa Waisraeli, na mateka wa Rekhmire hawaitwi Waebrania. Tofali linaonyesha jambo dogo zaidi, ambalo kwangu linatosha: aliyeitunga habari ile, au waliompokeza, waliijua kazi yenyewe na walijua ni wapi inapoumiza. Linganisha na mnara wa Babeli katika Mwanzo 11, ambapo mwandishi anaona haja ya kueleza kwamba wajenzi walitumia matofali ya kuchoma badala ya mawe, na lami badala ya chokaa. Mesopotamia walijua pia kuchoma, Misri ya mafarao kwa kawaida iliyaachia jua. Mtoto wa kwetu aliyezoea kuona tanuri la matofali kijijini atashangaa zaidi kwa hili la Misri.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuuchezea utumwa uani ni kuufanya mwepesi. Nakubaliana nalo kwa sehemu. Ndiyo maana mchezo wa kuigiza mnyapara na mijeledi haufai kabisa. Humpa mtoto hisia za kubuni na kumwachia udongo mkavu. Hesabu ndiyo inayofaa. Apime dakika alizotumia kwa tofali moja, kuanzia kukata majani hadi kuinua kalibu, kisha azizidishe kwa 2,000. Msimsaidie kuzidisha. Matofali yaacheni kivulini wiki moja, mkiyageuza kila siku, na Biblia ifunguliwe yakishakauka.